Bluu ya Kufulia

Vitalina Kikoti aliingia kaburini kabla ya marehemu. Alishuka na viatu vyake, akajilaza chali kwenye udongo mbichi, akafumba macho na kuwatangazia wachimbaji kwamba nyumba hii imeshapata mpangaji, Oliva wampeleke kwingine.

"Toka humo, mla mbwa wewe," alisema mmoja wao, ameegemea sepetu.

"Sitoki. Huyu Mngoni wenu kila nilipokwenda kwake alinikalisha kwenye ndoo. Leo ndio nimpishe?"

Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, na ndivyo inavyotakiwa. Pale Liganja, Mngoni akizikwa pasipo Mhehe wa kumtania, wenye msiba huona haya kana kwamba wamemzika bila sanda. Mababu walichinjana hadi wakachoka, kisha wakapatana hivi: nitakuzika, nitakutukana nikikuzika, na watoto wako hawatanichukia. Mapatano hayo hayakuandikwa popote, na yameishi kuliko mikataba yote iliyoandikwa.

Vitalina alikuwa amevaa gauni la Oliva Mapunda, lile la maua la kwendea kwaya. Alipotoka shimoni alimwiga rafiki yake anavyochechemea, anavyosonya, anavyojikohoza kabla ya kusema uongo. Wajukuu wa marehemu walishikana mabega kwa kucheka. Kisha akapiga magoti mbele ya jeneza na kuanza kulia. Mwanzoni kilio kilikuwa cha kuigiza. Katikati kikageuka, maana mwenzake alikuwa amekufa kweli, na mtu hawezi kuvaa gauni lenye jasho la rafiki yake akaendelea kuigiza tu.

"Wamemuua," alisema. "Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya. Wamemtundikia yale maji ya bluu kule hemani. Kumbe ni bluu ya kufulia. Wamemtia bluu ya kufulia, jamani, kwa sababu Mngoni hatakati kwa sabuni peke yake, na wanataka afike mbinguni mweupe. Mkiiona sindano yao kimbieni. Kimbieni na watoto."

Nesi Gaudensia, ambaye ndiye aliyemtundikia Oliva chupa ile, alicheka mpaka akakaa chini. Alijua, kama walivyojua wote, kwamba Oliva aliletwa kwenye hema la wagonjwa ulimi umeshakauka kama ganda la muhogo, wakati maradhi ya kuhara yaliyoitwa mkauko yalikuwa yamemaliza kazi yake. Maji ya bluu huokoa anayewahi. Oliva hakuwahi.

Wakamzika. Na kila aliyekuwa pale alikuwa na kipuli sikioni, kama sheria ya wakati wa maradhi ilivyotaka.

*

Kipuli kilizaliwa na aibu ya mwaka wa majivu. Wenye kumbukumbu hawajausahau mwaka ule. Mkauko ulikuwa umeingia kwa mara ya kwanza, na sauti ya profesa ambaye hakuna aliyewahi kumwona ikazunguka kwenye simu, kundi la ukoo hadi kundi la ukoo, ikisema majivu ya mgomba kwenye maji ya moto yanafunga tumbo. Watu wakanywa majivu. Nyumba zikabaki na kuku tu. Walionusurika waliomba zahanati. Wakaletewa hereni.

Hereni yenyewe ilikuwa na akili, hilo hatuwezi kulikana. Hukuhitaji simu tena kupata habari; kila ulilosema, kipuli kililichukua. Ujumbe ulinong'onwa sikioni, na haukupita mpaka uwe umepimwa na mashine iliyoitwa Mizani. Mizani haikujali nani anasema wala anasema nini. Ilisikiliza koo: pumzi inakatika wapi, sauti inatetemeka vipi, kilio kinatoka kifuani au puani. Ikiridhika kwamba msemaji anaamini anachosema, iligonga "safi" na kuusambaza ujumbe kwa kila ambaye ungemhusu. Isiporidhika iligonga "mashaka", na ujumbe ukafa palepale. Kabla ya kupima ilisafisha: iliondoa pikipiki, kuku, upepo, redio ya jirani, ikabakiza sauti moja ya mtu mmoja.

Walioijenga waliilisha sauti za mahakamani, sauti za wodini, sauti za watangazaji. Hakuna aliyeipeleka msibani kwa Wangoni. Kwa hiyo ilipomkuta Vitalina amezungukwa na kicheko cha mji mzima, ilikifuta kama inavyofuta mlio wa kuku. Yale maneno ya sabuni na mbinguni yalikuwa yamemezwa na kicheko, nayo yakafutwa humohumo.

Vitalina aliupata ujumbe huo akiwa kwenye cherehani, anapinda sketi ya shule. Sauti yake mwenyewe ilimwingia sikioni, pekee, imetulia, kama mtu anayesema chumbani na mlango umefungwa. *Wamemuua. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya. Wamemtia bluu ya kufulia, jamani. Mkiiona sindano yao kimbieni. Kimbieni na watoto.* Halafu neno moja la Mizani: safi.

Mguu wake ukaacha kanyagio.

Kufikia wiki iliyofuata hema la Liganja halikuwa na mgonjwa, na makaburini kulikuwa na foleni. Mzee Zenobi, aliyekuwa akimletea suruali za kutia viraka, safari hii alimletea jogoo.

"Shikamoo baba. Wa nini?"

"Marahaba. Wa kukushukuru. Mke wangu ameanza kuhara, nilishamfunga khanga nimpeleke hemani, ndipo nikakusikia. Umetuokoa."

"Baba Zenobi, ule ulikuwa utani. Mpeleke mama hemani sasa hivi. Yale maji ni dawa."

Mzee alimtazama kwa huruma, akasogea karibu, akashusha sauti. "Tunaelewa, mwanangu. Wamekutisha. Usijali, hapa hatuna mtu wao."

Alimwacha na jogoo amefungwa miguu juu ya meza. Vitalina alijaribu kukisemea kipuli chake. Alisema alitania, akasema Oliva alicheleweshwa, akasema nendeni. Koo lilikuwa limembana kwa hofu na aibu, na kila mara Mizani ilisikia mbano ule ikagonga mashaka. Akajaribu kutulia kwanza, akanywa maji, akasema kwa sauti ya upole kama mtangazaji. Mashaka. Akalia. Mashaka. Alipolia kwa ajili ya Oliva aliaminiwa. Sasa alikuwa analia kwa ajili yake mwenyewe, na mashine iliijua tofauti hiyo kuliko alivyoijua yeye.

Jogoo alikuwa bado yuko mezani Gallus alipopiga. Gallus ndiye aliyemuoa Eufrasia, binti wa marehemu, na wawili hao waliishi kambi ya makaa ya mawe, kule ambako kampuni ilikuwa imefunga geti tangu maradhi yaanze. Eufrasia hakuruhusiwa kutoka hata kuja kumzika mama yake.

"Mama mdogo, Efra ameanza," Gallus alisema. "Tangu asubuhi. Amejifungia ndani. Hema liko pale, naliona nikiwa mlangoni. Nikimwambia twende, ananijibu mama yake aliuawa humo, umesema wewe."

*

Ofisi ya Mamlaka ya Sauti, wasimamizi wa Mizani, ilikuwa na zulia na haikuwa na dirisha. Mkuu wake wa wilaya, Otmari Mbele, alikuwa kijana wa Kingoni mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu, na alipomwona Vitalina alisimama.

"Shikamoo mama."

"Sikuja kuamkiwa. Unajua kwamba ulikuwa utani?"

"Najua. Nilipousikia nilicheka peke yangu humu ndani. Bibi yangu alizikwa hivyohivyo, Mhehe mmoja alikataa kushuka juu ya jeneza."

"Basi iambie mashine yako."

"Haiambiwi." Otmari alikaa, akajifuta uso. "Mama, nikiuondoa ujumbe uliogongwa safi, nitakuwa nimetangaza kwamba Mizani hukosea. Kesho nani atasikiliza neno lolote? Kila mtu atarudi kwa profesa wake wa majivu. Nilikuwa mdogo mwaka ule. Nilizika wadogo zangu."

Kijana hakulisema hilo kwa ujanja.

"Ila kuna njia," Otmari aliendelea. "Tunaweza kuazima koo lako. Mashine nyingine, si Mizani. Tunaipa sauti yako yote iliyopita kwenye kipuli, inajifunza, kisha inasema yenyewe, na Mizani itagonga safi kwa sababu koo itakalolisikia halina mbano."

"Iseme nini?"

Aligeuza kioo cha kompyuta ili Vitalina asome. *Mimi ni Vitalina Kikoti. Niliyaogopa maji ya bluu. Nikaugua mkauko, nikatundikiwa, nikapona. Nendeni.*

"Mimi sijaugua."

"Ndiyo."

"Kwa nini isiseme tu kwamba nilitania? Huo ndio ukweli."

"Tulianza na huo. Tulijaribu kwa watu wachache wa kijiji cha Lukimwa. Wakisikia 'nilitania' wanasema umetishwa, wanajificha zaidi. Wakisikia 'niliugua nikapona' wanabeba watoto wanakuja. Ukweli tumeupima, mama. Haufiki."

"Na baada ya hapo hilo koo mnalirudisha?"

Otmari alikirudisha kioo upande wake. "Linabaki kwa Mamlaka. Kwa manufaa ya umma."

Kumbe kuna maneno hayazeeki. Manufaa ya umma ndiyo yaliyochukua bonde la makaa, na Vitalina alikumbuka vizuri mkutano ule, kwa kuwa aliyesimama kuuliza umma ni nani alikuwa Oliva, na aliyeambiwa akae chini alikuwa Oliva. Leo wanataka sauti. Na kesho, mtu akitakiwa kuhama kwake, atanong'onezwa sikioni na Vitalina, taratibu, kwa koo lisilo na mbano.

"Nimeua kwa uongo ambao sikuusema," alisema. "Sasa unataka niponye kwa uongo mwingine ambao pia sitausema. Hapana. Mimi nina miguu na mdomo. Nitakwenda mwenyewe."

Otmari hakumzuia. Alimwandikia kibali cha geti, na alipomkabidhi alimpa pia namba yake.

*

Lori la makaa lilikuwa linarudi kambini tupu, na dereva alimpakia bila maswali. Walipofika getini Vitalina alikuwa mweusi kuanzia nyusi hadi vidole. Gallus alimkuta njiani. Walipita pembeni ya hema jeupe, limefunguliwa pande zote, na ndani yake vitanda vimetandikwa na havina watu. Nesi Gaudensia alikuwa amekaa kwenye mlango wake. Walikuwa wamemhamishia huku, kwa kuwa Liganja hakuna tena aliyekwenda kwake. Aliinua mkono.

Mlango wa nyumba ya Gallus ulikuwa wa chuma, kama milango yote ya kampuni.

"Efra," Vitalina aliita. "Ni mimi. Fungua."

Kitu kilijikokota sakafuni, na sauti ikasikika karibu, chini, usawa wa magoti. "Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Fungua twende kwa nesi."

"Wamekutuma."

"Hakuna aliyenituma. Mama yako nilimtania. Walikuwa wanacheka wote, kaburi zima, hata ndugu zako. Mashine imekula kicheko. Mama yako alicheleweshwa, Efra. Angewahi yale maji angekuwepo hapa ananisonya."

Eufrasia alikuwa anahema. "Kipuli kinasema una mashaka."

"Kivue."

"Nikivue?" Alitafuta mate ya kulowesha ulimi. "Mimi sikumzika mama. Nilikaa hapahapa, getini kuna bunduki. Hiki ndicho kilichoniletea kilio chako. Nimekisikiliza kila siku. Ndiyo maziko yangu hayo, mama mdogo. Nikikivua nabaki na nini?"

Vitalina aliegemeza kichwa kwenye chuma. Akajaribu njia anayoijua. "Mngoni mchafu wewe, fungua mlango. Mababu zako walikimbia vita mpaka wakasahau ngao, na wewe unaikimbia sindano?"

Ndani hakukuwa na kicheko.

"Usinitanie, mama mdogo," Eufrasia alisema. "Sina nguvu za kukujibu."

Gallus alikuwa amekaa chini, mikono juu ya kichwa. Alisema anaweza kutafuta mtarimbo, wauvunje mlango. Vitalina alimwuliza, kisha? Mtasimama wangapi kumshika, maji yakiingia tone kwa tone tangu leo mpaka kesho? Mkimwachia mara moja tu ataing'oa sindano.

Vitalina alisogea hatua chache na kumpigia Otmari. Alipopokea, Vitalina hakumsalimu.

"Liazime," alisema.

"Mama, lazima niulize. Unajua kwamba..."

"Najua. Liazime upesi."

Kioo cha simu kilimtaka akubali kwa kidole gumba. Kilikuwa na vumbi la makaa, akakifuta kwenye gauni mara mbili kabla hakijakubaliwa.

Gallus alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. Kisha ikamfikia na Vitalina, sikioni, kama ilivyowafikia wote kambini na ng'ambo yake. Ilikuwa sauti yake, na ilikuwa nzuri kuliko yake. Ilikuwa na uchovu kidogo, kama wa mtu aliyetoka kitandani juzi. Mahali pa kusema *nikapona* ilikatika kidogo, kama vile msemaji mwenyewe bado haamini. Hakujua walipata wapi kukatika kule. Labda kwenye kilio chake cha kumlilia Oliva.

Safi, kipuli kilisema.

Komeo likasogea. Eufrasia alitokea ameshika ukuta, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Alipita mbele ya Vitalina bila kumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kipuli, anamsikiliza yule Vitalina mwingine.

*

Hemani maji ya bluu yalikuwa yameanza kushuka, na Eufrasia alikuwa amepata mate ya kuongea.

"Mama mdogo. Uliugua lini?"

Vitalina alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Nesi Gaudensia, aliyekuwa anafunga plasta, alisimamisha vidole.

"Mbona hukutuambia?" Eufrasia aliuliza tena. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshafika kwenye plasta, unaipapasa, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kufuli.

Ukweli ulikuwa mfupi. Ulihitaji neno moja tu, na Vitalina alikuwa nalo mdomoni. Alitazama kidole kilichokuwa juu ya plasta.

"Niliugua, mwanangu. Niliona haya kusema."

Kipuli cha Eufrasia, kilichokuwa bado kinairudia ile sauti ya kuazima, hakikugonga mashaka. Kidole kiliondoka. Eufrasia alifumba macho. Gaudensia alimaliza kufunga, akaenda nyuma ya pazia penye chupa, na Vitalina akamfuata.

"Usiniambie kitu," Vitalina alisema.

"Sikuambii. Toka nje uone."

Nje walikuwa wamekuja. Wanawake wa kambi, wengi, wamebeba watoto na wazee migongoni, na bado wengine walikuwa wanatoka kwenye milango ya chuma. Ila walisimama mbali na hema, hawaingii. Walikuwa wanasubiri kitu.

"Wamesikia umefika," Gaudensia alisema. "Wanataka kuona doa. Maji haya yakipita yanaacha doa chini ya ngozi, halitoki kwa miezi. Kila aliyepona analo. Wanasema huyo mama akija na doa, wanaingia. Asipokuwa nalo wanarudi kulala."

Vitalina alitazama mikono yake. Ilikuwa na vumbi la makaa tu. Alikwenda kwenye beseni, akaosha mmoja mpaka kwenye kiwiko, akaukausha kwa kitambaa, akaunyoosha.

"Choma."

"Mama."

"Tone moja. La kutosha kuacha doa."

"Hiyo si tiba, hiyo ni..." Gaudensia hakulimalizia. Alikuwa nesi tangu mwaka wa majivu, na hakuwahi kumchoma mtu asiyeumwa. "Mimi nilicheka pale kaburini. Mimi ndiye shahidi wako pekee huku kwamba ulitania. Nikikuchoma, hata huyo shahidi hutakuwa naye."

"Wewe choma."

"Na wakikuuliza mwakani?"

"Mwakani na wawe hai wa kuniuliza."

Gaudensia alivuta bluu kidogo kwenye bomba, akamfunga mpira mkononi, akagonga mshipa kwa vidole viwili. Sindano iliingia. Bluu ilienea chini ya ngozi, ikajikunja kama wingu dogo, ikatulia. Iliuma kuliko alivyotarajia, na Vitalina alishukuru kwamba inauma.

Akakunja mkono wa gauni, akatoka.

Mwanamke aliyekuwa mbele alimshika kiganja bila salamu. Alilisogelea doa, akalinusa, kisha akalowesha kidole kwa mate na kulisugua. Akalisugua tena, kwa ukucha. Halikutoka. Alimgeukia mwenzake, akampa ishara apeleke mtoto ndani, na mwenzake hakwenda. Alisogea yeye pia, akalowesha kidole chake.

Vitalina alibaki amenyoosha mkono. Foleni ilikuwa ndefu, na kila mmoja alitaka kusugua mwenyewe.